NGOME ISIYO NA CHOKAA: SOMO LETU KUTOKA THIMLICH OHINGA

  Najua wengine wenu mmekuja mbio kutafuta vichekesho na mafumbo. Vipo, lakini subirini kidogo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Katika makala haya nataka tuutazame mbacha wetu wenyewe, ambao tumeukanyaga miaka mingi bila kuuona.

Chanzo cha Safari

Jambo lenyewe lilianza kwa ubishi. Alhamisi moja, wakati wa mkutano wa chama, mwanachama mmoja alileta picha iliyokatwa kutoka gazeti kuukuu. Ilionyesha magofu ya ngome moja ya kale huko Japani, yaitwayo Takeda. Kuta za mawe zimekaa kileleni mwa mlima, na ukungu umetanda chini yake hata ukadhani ngome inaelea juu ya mawingu. Wee! Darasa zima lilitoa macho. Picha ikapita mkono kwa mkono hadi ikafika nyuma.

Ndipo kijana mmoja wa kidato cha tatu akasema, "Wenzetu walijenga bwana. Sisi huku mababu zetu walijenga nini? Nyumba za udongo tu, mvua ikinyesha basi."

Watu wakacheka. Mwalimu mlezi hakucheka. Aliuliza, "Nani kati yenu anatoka upande wa Nyatike?" Mkono mmoja tu ukainuka, wa msichana mpole wa kidato cha pili ambaye huwa hasemi sana. Mwalimu akamuuliza kama ameshawahi kusikia jina Thimlich Ohinga. Akajibu kwa sauti ya chini, "Ndiyo, Mwalimu. Kwa dani si mbali na hapo. Tulikuwa tunachunga mbuzi karibu na zile kuta."

"Na kwa nini hujatuambia siku zote hizi?"

"Hakuna mtu aliniuliza, Mwalimu."

Darasa likanyamaza kimya. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Nimezaliwa Homa Bay. Naweza kukutajia ni mwaka gani Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, lakini ngome iliyo jirani nasi sikuijua hata kwa jina. Hapo hapo tukapiga kura, na safari ikapita bila kupingwa.

Kwanza Tuyajue Maneno

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, Mwalimu alitukataza kupanda gari kabla ya kujua maneno tutakayoyatumia. Alisema mtu asiye na maneno huenda akatazama jambo na asilione.

Ngome ni jengo au mahali palipozungushiwa ukuta imara ili watu wajikinge na adui. Husuni ni neno lililotoka Kiarabu, na maana yake ni hiyo hiyo. Ukienda Kilwa Kisiwani nchini Tanzania utakuta magofu ya jumba la kifalme la karne ya 14 yaitwayo Husuni Kubwa. Boma ni ua au ukuta unaozunguka makazi ya watu na mifugo. Baadaye, wakati wa ukoloni, neno hilo likatumika pia kwa ofisi za serikali.

Gofu ni jengo lililobaki kuta tu, bila paa wala wakaaji. Mahame nayo ni mahali palipohamwa. Ona jinsi neno lenyewe lilivyozaliwa na kitenzi kuhama. Hapa yule msichana wetu aliinua mkono mara ya pili, safari hii bila kuulizwa. Alisema kwamba kwa Kijaluo boma lililohamwa huitwa gunda. Mwalimu akaliandika ubaoni kando ya mahame. Halafu akaandika ohinga, yaani boma lenye ukuta wa kujikinga. Wingi wake ni ohingni. Na jina thimlich huelezwa na wenyeji kuwa ni msitu mnene wa kutisha. Kwa hiyo Thimlich Ohinga ni ngome iliyo ndani ya msitu wa kutisha. Mmoja wetu aliuliza kama chui wangali wako. Mwalimu akamwambia achukue fimbo.

Safari Yenyewe

Siku ya siku ilipowadia, tulirauka alfajiri majogoo wakiwika. Tulijipakia kwenye basi, kila mtu na chupa yake ya maji, mkate nusu na daftari. Kutoka mjini Homa Bay tulipanda hadi Rodi Kopany, kisha tukashika njia ya Ndhiwa. Mashamba ya miwa yalitusindikiza huku na huku. Baadaye tukaiacha barabara kuu na kuingia njia ya vumbi. Basi lilirusha watu juu chini, kaptula zikabadilika rangi, na nyimbo tulizoanza nazo zikatuishia midomoni. Wanaotoka mjini Migori huwa na safari ya kilomita 46 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Sisi wa Homa Bay tuna yetu ndefu zaidi.

Basi liliposimama, nilitazama nje nikaona kilima kidogo chenye nyasi, vichaka, na miti mirefu ambayo matawi yake yamesimama wima kama mishumaa, yenye utomvu mweupe unaowasha. "Ngome iko wapi?" nikauliza. Mwongozaji wetu alikuwa mzee mwenye kofia ya majani. Alitusalimu kwa Kijaluo, "Oyawore uru," tukaitikia. Kisha akanyoosha kidole. Kumbe nilikuwa nikiitazama muda wote! Ukuta ulikuwa na rangi ile ile ya kilima, na kijivu cha mawe kilikuwa kimechanganyika na kivuli cha miti. Mzee akacheka, "Ndivyo hata adui alivyokuwa akifika hapa, wanangu. Anaona msitu tu."

Ukuta Usio na Chokaa

Sasa tega sikio, msomaji, maana hapa ndipo penye somo lenyewe.

Thimlich Ohinga si ukuta mmoja. Ni kundi la maboma ya mawe. Makubwa ni manne nayo yana majina: Kochieng, ambalo ndilo kuu, Kakuku, Koketch na Koluoch. Ukijua Kijaluo utagundua kwamba hayo ni majina ya watu yaliyotanguliwa na kiambishi chenye maana ya "kwa". Kochieng ni kwa Ochieng, na Koketch ni kwa Oketch. Ni kama sisi tunavyosema, "Twende kwa Mwalimu." Ngome hii basi haikuitwa kwa jina la mfalme wala la vita. Iliitwa kama nyumbani kwa mtu.

Kuta zake zina urefu wa kwenda juu wa mita 1.5 hadi 4.5. Unene wake kwa wastani ni mita 1 hadi 3. Mrefu wetu kuliko wote, yule tunayemtegemea katika voliboli, alinyoosha mkono kwenye sehemu moja asifike juu. Wataalamu wanakadiria kwamba kuta hizi zilijengwa yapata karne ya 16.

Na sasa jambo la ajabu: hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna hata udongo wa kugandishia. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Yaliokotwa yalivyo, makubwa kwa madogo, yakapangwa. Je, ukuta wa namna hiyo husimamaje miaka mia nne na zaidi?

Mzee wetu alitueleza hatua kwa hatua. Kwanza, ukuta huu ni kama kuta tatu zilizoshikana. Kuna uso wa nje wa mawe makubwa, kuna uso wa ndani wa mawe makubwa, na katikati kumejazwa mawe madogo madogo. Yale madogo ndiyo yanayoshika nyuso mbili pamoja. Pili, kila jiwe lilichaguliwa likae juu ya mengine bila kutikisika, na uzito wake ukawa ndio gundi yake. Tatu, kuta hizi hazikunyooka kama rula. Zinapinda pinda, na ukuta uliopinda ni vigumu kuuangusha kuliko ulionyooka. Jaribu kusimamisha karatasi mezani utaona. Ikiwa imenyooka huanguka, lakini ukiikunja kidogo husimama. Nne, mahali pengine waliongeza nguzo za mawe za kuegemeza ukuta. Mwisho, maji ya mvua hayakwami ndani. Hupita katikati ya mawe yakaenda zake, wala hayausukumi ukuta kwa nje.

Kijana wetu wa "nyumba za udongo tu" alikuwa ameinama akichungulia kati ya mawe mawili. Sikumsikia akisema neno.

Mlango wa Kuinamia

Tuliingia Kochieng kupitia mlango ambao mimi, nisiye mrefu, ilinibidi niiname. Juu yake kumelazwa mawe marefu bapa ya kubebea ukuta. Mlango wenyewe ni mwembamba, na mnapita mmoja mmoja.

"Kwa nini walijenga mlango mdogo hivi?" Mzee aliuliza.

Mmoja wetu akajibu, "Labda watu wa zamani walikuwa wafupi." Tukacheka sana.

"Hapana, nyathina," Mzee akasema. "Mtu akiingia ameinama, kichwa ndicho kinachotangulia. Kama ni mgeni mwema, ameonyesha heshima. Kama ni adui, basi shingo yake imefika kabla ya mkuki wake."

Kimya! Hata wanaopenda kupiga kelele nyuma ya mstari walijishika shingo.

Ndani tuliona nyua ndogo za mawe zilizokuwa mazizi ya mifugo, na duara zinazoonyesha mahali nyumba ziliposimama. Nyumba hizo zilikuwa za miti, udongo na nyasi, ndiyo maana hazipo tena. Tuliona mawe ya kusagia nafaka yaliyobonyea kwa kusagwa miaka na miaka. Pia kuna mwamba uliotobolewa vishimo safu kwa safu, wa kuchezea ajua, yaani bao. Wavulana wawili wakaanza kuokota vijiwe ili wacheze, Mwalimu akawakemea.

Katika eneo hili wachunguzi walikuta pia dalili za kuyeyusha na kufua chuma, na wakakuta shanga za kioo. Msomaji, usizipite shanga hizo haraka. Kioo hakikutengenezwa hapa. Kilikuja kutoka mbali, mkono kwa mkono, soko kwa soko. Kwa hiyo waliokaa ndani ya kuta hizi hawakuwa watu waliojificha tu. Walifua, walisaga, walifuga, walicheza bao, walifanya biashara. Ukuta uliwakinga wao na ng'ombe wao dhidi ya wavamizi na wanyama wakali, lakini haukuwatenga na dunia.

Nani Alijenga?

Hili ndilo swali lililozua kelele nyingi ndani ya basi wakati wa kurudi. Wengine walitaka kusikia kwamba ni Wajaluo peke yao. Lakini wataalamu wa historia na mambo ya kale wanaeleza kwamba jamii mbalimbali zilipishana hapa kwa karne kadhaa, za Kibantu na za Kiniloti. Mmoja alijenga, mwingine akahamia, akatengeneza palipobomoka, akaongeza lake. Watu waliendelea kukaa humo hadi katikati ya karne ya 20. Vita vya kuvamiana vilipopungua, watu hawakuwa tena na haja ya kusongamana nyuma ya ukuta mmoja. Kila mtu akaenda kujijengea kwenye shamba lake.

Tena hapa si pekee. Watafiti wameorodhesha mahali 138 penye maboma ya mawe ya namna hii katika nchi yetu ya upande huu wa Ziwa Victoria, na ndani yake mna maboma 521. Thimlich ndipo palipohifadhika vizuri kuliko kwingine kote.

Basi nikajiuliza: kama ukuta ulijengwa na wengi, wakisema lugha mbalimbali, kwa nini sisi leo tugombane kuhusu nani mwenyewe? Ukitoa lile tabaka la mawe madogo ya katikati, nyuso zote mbili huanguka.

Tujilinganishe na Wenzetu

Mwalimu alitoa ile picha ya Japani kwenye mkoba wake tukiwa tumeketi kivulini. Akatuambia tuitazame tena, sasa tukiwa na macho mapya.

Ngome za Japani nyingi zilijengwa katika karne hiyo hiyo ya 16 na mwanzoni mwa ile ya 17, wakati mabwana wa vita walipokuwa wakipigania nchi. Chini palikuwa na kuta za mawe, juu majumba ya mbao. Amani ilipopatikana, mwaka 1615 serikali ya Tokugawa iliamuru ngome nyingi zibomolewe. Tena mwaka 1873 serikali mpya ikatoa amri nyingine ya kuziondoa ngome. Leo minara mikuu ya asili iliyosalia ni 12 tu. Kwingineko yamebaki mawe, na mawe hayo pia mengi yalipangwa bila chokaa, na nyuma yake kukajazwa kokoto ili maji ya mvua yapite. Ni maarifa yale yale! Hawakukutana, hawakuandikiana barua, lakini jiwe liliwafundisha wote somo moja.

Mwaka 2016 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu kubwa za kuta za ngome ya Kumamoto huko huko Japani. Wenzetu hawakuchukua mawe hayo wakajengee maduka. Wanayapiga picha, wanayapa nambari, na kulirudisha kila jiwe mahali pake. Kazi hiyo itachukua miongo kadhaa.

Karibu na kwetu, kusini mwa Afrika, kuna Zimbabwe Kuu, iliyojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15, pia bila chokaa, na kuta zake hufika mita 11. Jina lenyewe kwa Kishona lina maana ya majumba ya mawe. Sikiliza mabwe ya Kishona na mawe ya Kiswahili, utaona ni ndugu. Wakoloni wengi walikataa katakata kwamba Waafrika ndio waliojenga. Walitaja Waarabu na Wafoinike, wakamtaja hata Malkia wa Sheba. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema ni kazi ya Waafrika, na mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha. Hata hivyo ubishi uliendelea miaka mingi, kwa sababu ilikuwa shida kumtawala mtu na huku unakubali kwamba babu yake alijenga.

Niliposikia hayo nilimtazama yule kijana wetu, naye akanitazama mimi. Hakuna mkoloni aliyekuwa darasani siku ile ya Alhamisi. Tulicheka wenyewe.

Mafiga Matatu

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Nitasema ukweli, hata kama utaniaibisha.

Wakati wengine wanakula mkate, niliokota kijiwe kidogo bapa kilichokuwa chini ya ukuta, nikakitia mfukoni. Nilitaka kuwa na ukumbusho tu. Nilijiambia, mawe yako maelfu, moja litapunguza nini? Mzee hakuniona. Lakini alipomaliza kula alisimama akasema, "Wanangu, ukuta huu haujawahi kuangushwa na adui. Huangushwa na mti ukimea ndani yake, na ng'ombe akipanda juu yake, na mtu anayesema ni jiwe moja tu." Nikahisi mfuko unaniunguza.

Kabla sijasema lolote, yule msichana wa kidato cha pili aliinuka, machozi yakimlengalenga. Akasema, "Jaduong', mafiga ya jikoni kwa dani yalitoka hapa. Yote matatu."

Mzee hakukasirika. Alimuuliza, "Aliyaleta nani?"

"Dani husema aliyakuta. Mama mkwe wake ndiye aliyeyabeba alipohama kutoka huku."

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika daftarini papo hapo: "Huyo hakuiba. Alihama na moto wake. Lakini wewe umesoma, na jiwe utakalobeba wewe lina jina lingine."

Hapo nikatoa kijiwe changu mbele ya wote. Nilitaka kukirudisha ukutani mwenyewe, Mzee akanizuia. Jiwe likitiwa mahali pasipo pake huwa uongo, alisema. Aliniuliza nilikiokota wapi hasa, akakiweka chini pale pale nilipoonyesha. Mwalimu akatukumbusha kwamba mahali hapa palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na panalindwa na Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Mwaka 2000 pia shirika la kimataifa la World Monuments Fund lilipaorodhesha miongoni mwa mahali palipo hatarini duniani. Kazi ya kukarabati ilifanywa, na mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahareni, UNESCO ikapaingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Thimlich Ohinga ikawa ya saba kutoka Kenya. Mji wa kale wa Gede ukafuata mwaka 2024.

Urithi wa dunia, msomaji! Dunia nzima ilijua kabla ya sisi wa Homa Bay.

Jioni hiyo basi lilipita njia ya kwao yule msichana, tukasimama tumsalimu bibi yake. Bikizee alikuwa anapika omena juu ya yale mafiga. Mwalimu alimwamkia, nasi tukafuata. Alipoambiwa tulikotoka, alifurahi mno. Akaanza kutusimulia jinsi mama mkwe wake alivyokuwa akimweleza kuhusu maisha ya ndani ya ukuta: nani alilala upande gani, lango lilizibwaje usiku, na watoto walikatazwa kukaa wapi. Msichana wetu alikuwa akiandika mbio mbio hadi kalamu ikamwishia wino, nikampa yangu. Hakuna kitabu chetu cha shule chenye hata sentensi moja ya yale aliyotuambia bikizee yule. Na ana miaka mingi.

Ndipo nilipoelewa. Mafiga matatu tunaweza kuyahesabu. Lakini masimulizi yakizikwa na mwenyewe, ni ukuta uliobomoka na hakuna atakayejua jiwe gani lilikaa wapi.

Mafunzo Tuliyoyapata

Kwa ufupi, wenzangu, tulirudi na haya:

1. Usidharau cha kwenu kwa sababu hakijatiwa kwenye picha. Mcheza kwao hutunzwa, lakini lazima kwanza akujue kwao.

2. Ujenzi si wingi wa mali, ni akili ya kupanga. Jiwe dogo la katikati ndilo linaloshika makubwa.

3. Gofu ni kitabu. Anayeng'oa jiwe anachana ukurasa, hata kama ana nia njema. Ukitembelea, chukua picha na maandishi tu. Usipande juu ya kuta, wala usichore jina lako.

4. Wazee wetu ni sehemu ya ngome hiyo. Waulizeni sasa.

Maswali kwa Msomaji

(a) Eleza sababu tatu zinazofanya ukuta usio na chokaa usimame kwa karne nyingi.

(b) Toa tofauti kati ya gofu na mahame. Tunga sentensi moja kwa kila neno.

(c) "Alihama na moto wake." Mzee alikuwa na maana gani? Je, unakubaliana naye kwamba bibi yule hakuiba? Toa sababu.

(d) Karibu na kwenu kuna mahame gani, au gunda gani? Muulize mzee mmoja, uandike ukurasa mmoja, uulete kwa katibu wa chama kabla ya muhula kwisha.

Swali la (d) ndilo kubwa. Chama kimeshapata kurasa sita. Ya kwanza iliandikwa na msichana wa kidato cha pili, na ya pili ni ya yule kijana wa "nyumba za udongo tu". Ameandika kuhusu jinsi nyumba ya udongo inavyojengwa isibomoke mvua ikinyesha. Aliambiwa na babu yake, na imejaa mambo ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua.

Mimi yangu bado sijaimaliza. Nikiimaliza mtaisoma hapa mwakani, Mungu akipenda. Kwaherini.